Mita Tisa

Fundi alisema mashine ni nzima. Aliifungua mara tatu ndani ya mwezi mmoja, chini ya mwembe wa nyumbani kwetu Nyashimo, akapanga vipande vyake juu ya gunia, akavifuta kimoja kimoja, akaifunga tena, na mara zote tatu akasema neno lilelile: mzee, mashine yako haina ugonjwa. Baba hakumwamini. Kwa nini amwamini? Alikuwa na mtoto anayesoma uinjinia Dar es Salaam, na mtoto huyo alikuwa likizo, amekaa kwenye kigoda hatua kumi kutoka pale, anabofya simu.

Mtoto huyo ni mimi.

Ilikuwa Agosti 2010. Siku hizo Nyashimo ilikuwa bado Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Simiyu ulikuja 2012, na Nyashimo ikawa makao makuu ya wilaya mpya ya Busega. Chuoni nilipenda kuwatania wenzangu kwamba natoka sehemu ambayo hata jina lake lina shimo ndani. Na kweli shimo tulikuwa nalo. Baba alikuwa amechimba kisima kwa mikono, yeye na vijana wawili wa jirani, wakapata maji, na kwa fedha za pamba ya msimu mmoja mzuri akanunua mashine ndogo ya petroli ya kumwagilia ili aachane na hiyo hiyo pamba. Ziwa haliko mbali na kwetu, lakini shamba la baba halikuwa ufukweni, na ukitaka kuchekesha watu wa Nyashimo waambie wabebe ziwa kwa ndoo.

Kwa miezi kadhaa mashine ilifanya kazi kama ndoto. Nyanya na vitunguu vilikuwa vinauzwa barabarani, kwa magari yanayotoka Mwanza kwenda Musoma. Mama aliacha kuchota. Wadogo zangu waliacha kuchota. Halafu, kiangazi kilipokolea, mashine ikaanza kukohoa. Ukiiwasha inanguruma vizuri tu, moshi unatoka, lakini mpira wa kutolea maji umelala pale mkavu kama nyoka aliyekufa. Unaizima, unaijazia maji ya kuanzia, unawasha tena, inatema kidogo, basi.

Fundi alibadilisha oringi. Akafunga viungo vya mpira kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili hewa isipenye. Akabadilisha ile valvu ya chini inayozama kisimani. Mara ya tatu akafunga jiwe kwenye kamba, akalishusha mpaka likagusa maji, akalipandisha na kuipima kamba kwa mikono yake iliyonyooshwa. Akasema maji yameenda mbali, mzee, tusubiri mvua.

Baba aliona hicho ni kisingizio cha mtu aliyekwisha kula hela mara tatu. Wakarushiana maneno. Baba si mtu wa matusi, lakini siku ile alimwita yule bwana mwizi mbele ya watoto wake na mbele ya majirani. Kisha akanigeukia.

"Mayu, wewe mwenye elimu unasemaje?"

Kwa Kisukuma mayu ni mama. Baba humwita hivyo binti yake akiwa anamheshimu, au akiwa na shida. Nikaweka simu chini, nikaizunguka mashine kama nilivyowaona wahandisi kwenye televisheni wakizunguka vitu, nikasema mashine imechoka, hospawa zake ni ndogo, anunue yenye nguvu zaidi. Nakumbuka nilivyolitamka lile neno, hospawa. Lilitoka vizuri.

Wiki hiyo baba akauza ng'ombe.

Sasa niseme nilikuwa mwanafunzi wa namna gani, maana msomaji anaweza kudhani nilikuwa mzembe. Sikuwa mzembe. Nilikuwa na madaftari yaliyopangwa kwa rangi. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, tulipewa mekanika ya vimiminika na utangulizi wa uhamishaji joto, na kwangu vilikuwa kama kuhubiriwa na mtu aliye ng'ambo ya mto: naona mdomo unakwenda, sauti inapotelea kwenye maji. Tulikuwa wengi mno ukumbini. Waliowahi walikaa mbele, sisi wengine tulinakili kutoka kwa walionakili. Usiku tulikutana na "pasti pepa" za miaka ya nyuma, tukajifunza maswali kwa sura zake. Ukiona bomba linalobanwa katikati, andika Bernoulli. Ukiona ukuta wenye tabaka mbili, andika Fourier. Ukiona pampu juu na maji chini, anza na kanieneo la hewa la usawa wa bahari, kilopaskali 101, toa hiki, toa kile, gawanya. Nililiweza hilo swali la pampu. Ningelifanya nikiwa usingizini.

Na bado nilikaa hatua kumi kutoka kwenye pampu iliyo juu na maji yaliyo chini, nisilione.

Watu wakisikia habari hii huruka haraka kwenye lugha. Wanasema ni Kiingereza. Shule ya msingi tulifundishwa kanieneo, tukafundishwa mpitisho, myuko na mnunurisho. Tukaelezwa kwa nini maji ya mtungi yanakuwa baridi: mtungi unatoa jasho, jasho linakauka, likikauka linaondoka na joto. Nilielewa kwa sababu mtungi wa mama ulikuwa pale kwenye kona, naweza kuugusa. Kidato cha kwanza vitu vyote vikabadilishwa majina siku moja, na hakuna aliyetuambia kwamba ni vitu vilevile. Hilo ni kweli, na linaniuma. Lakini siwezi kukitwika Kiingereza mzigo wote. Wenzangu kutoka vijijini kama kwetu walifaulu kwa Kiingereza hichohicho. Na mimi sikukosa neno siku ile chini ya mwembe. Maneno nilikuwa nayo mengi. Nilichokosa ni kusema "sijui, ngoja nipime," na sikukisema kwa sababu fundi alikuwa anatazama.

Mashine mpya ilikuwa kubwa, nyekundu, na kelele zake zilisikika mpaka barabarani. Haikutoa hata tone.

Sikuwepo baba alipoiwasha. Nilikuwa nimerudi Dar kufanya sapu. Nilipewa sapu mbili, mojawapo ya vimiminika, na nyumbani nilisema nimeitwa mapema "kwa ajili ya mafunzo". Habari za mashine nilizipata kwa simu, vipande vipande, na kipande cha mwisho kilikuwa hiki: baba na majirani walipoona mashine imegoma, wakakumbuka maneno ya fundi kwamba maji yako mbali, wakaamua kuisogeza mashine kwenye maji. Walipachika magogo ndani ya kisima, mita kama tatu kutoka juu, wakaishusha mashine kwa kamba, wakaiwasha. Maji yakatoka. Watu wakapiga vigelegele. Mdogo wangu wa kiume, miaka 13, akashuka kuongeza petroli huku mashine inanguruma, na baada ya muda mfupi mikono yake ikalegea.

Baba alikuwa amemfunga kamba kiunoni. Hicho ndicho kilichomwokoa. Walimvuta kama ndoo. Alitapika, akalala siku mbili zahanati, kichwa kikamuuma wiki nzima. Moshi wa petroli una gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya shimo haina pa kwenda. Inaingia kwenye damu na kukaa kwenye nafasi ya oksijeni. Mtu aliye kisimani haoni lolote, anasinzia tu. Ukiwa unasoma hapa na kwenu mna kisima na mashine ya mafuta, tafadhali, isishushwe humo kwa sababu yoyote.

Nilifanya sapu siku nne baada ya simu hiyo. Kulikuwa na swali la pampu. Nililifanya lote, kwa kilopaskali, na naamini nililipata. Niliangushwa na mengine. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimedisko, kama tunavyosema chuoni: jina limekatwa, bumu limekatwa, funga virago. Nyumbani nikasema nimehama kozi, uinjinia haukuwa wito wangu, moyo wangu uko kwenye uandishi. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya uandishi wa habari kwenye chuo kingine, nikaanza upya. Uongo ukikaa muda mrefu unaota nyasi juu yake, watu wanapita bila kujua. Baba alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu alikuwa injinia, akaamua mwenyewe kuacha."

Miaka imepita. Nimeandika habari za bajeti, za mafuriko, za ligi, za harusi za watu wakubwa. Halafu miaka michache iliyopita mhariri akanipa kazi ya kuandika juu ya Erasto Mpemba, na nikakubali haraka kwa sababu nilidhani ni habari nyepesi ya kujaza ukurasa wa Jumapili.

Wengi mnamjua. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa yaliyochemshwa na sukari. Utaratibu ulikuwa kuyaacha yapoe kwanza ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inagombewa, Mpemba akayaingiza yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Akamuuliza mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa Tanga, lakini, walikuwa wakifanya hivyohivyo na hawakuona ajabu. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa. Fizikia yake ikawa ndiyo utani wa darasa. Akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza swali lilelile mbele ya watu walewale waliomcheka. Osborne hakumcheka. Alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 makala yao wawili ikatoka katika jarida la walimu wa fizikia. Jambo lenyewe likapewa jina la Mpemba, dunia nzima. Mwenyewe alienda kusomea wanyamapori.

Wanasayansi wanabishana mpaka leo. Mwaka 2016 kuna watafiti wa Uingereza waliopima kwa makini wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi. Wengine wanasema inategemea chombo, baridi ya friji, na maji yenyewe. Mimi si wa kuamua. Kilichonikaa kooni ni kwamba yule kijana aliuliza swali moja jikoni na maabara. Kwake friji ya shule na fizikia vilikuwa kitu kimoja. Kwangu kisima cha baba na swali la sapu vilikuwa nchi mbili, na sikuwahi kuomba viza.

Katika kusoma huko kwa ajili ya makala nikawa narukia vitu vingine, unajua intaneti ilivyo, nikafika kwa Galileo. Kitabu chake cha 1638 kimeandikwa kama mazungumzo, na mhusika mmoja anasimulia kisa cha pampu. Maji yaliposhuka chini ya kimo fulani, pampu ikagoma. Akamwita fundi aitengeneze. Fundi akaitazama, akamwambia pampu haina kasoro, kasoro iko kwenye maji: yameshuka mno, na hakuna pampu ya namna hiyo itakayoyapandisha zaidi ya kimo hicho, iwe kubwa au ndogo.

Niliusoma ukurasa huo saa sita usiku, Sinza, feni inazunguka, na nikasikia sauti ya mtu ninayemjua. Mzee, mashine yako haina ugonjwa.

Nikaona aibu iliyochelewa miaka zaidi ya kumi. Ngoja nieleze kitu chenyewe, maana nina deni la kukieleza. Pampu hainyonyi. Inachofanya ni kuondoa hewa iliyo ndani ya mpira. Anayeyasukuma maji kupanda ni uzito wa hewa yote iliyolala juu ya uso wa kisima. Hewa ina uzito wake na uwezo wake una mwisho. Usawa wa bahari inaweza kusukuma maji mpaka mita 10 na kidogo, hapo inachoka, hata ukifunga injini ya treni huko juu. Galileo mwenyewe alikosea sababu. Alifikiri maji yanakatika kwa uzito wake kama kamba. Ni Torricelli, mwaka 1643 au 1644 hivi, aliyeielekeza akili kwenye hewa, kwa mrija wa zebaki iliyosimama sentimita 76. Na 1648 Pascal akamtuma shemeji yake kupanda mlima na mrija huo, zebaki ikashuka kadiri alivyopanda, kwa sababu juu hewa ni chache.

Nyashimo si usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu. Kwa hiyo kwetu zile mita 10 zinakuwa kama 9, kwa hesabu ya kwenye karatasi. Ukitoa msuguano wa mpira na viungo vilivyofungwa kwa tyubu ya baiskeli, unabaki na 7, au 6. Madaftari yangu yote ya rangi yalikuwa na kilopaskali 101. Nilikuwa nahesabu kwa hewa ya Dar.

Desemba iliyofuata nilienda nyumbani. Nilimkuta baba chini ya mwembe, mwadila baba, mwadila mayu, tukaongea mvua, tukaongea bei ya pamba. Nilikuwa nimebeba futi kamba ya mita 30 kwenye begi. Nikamwomba tukapime kisima. Hakuuliza kwa nini. Mvua zilikuwa zimenyesha, maji yalikuwa juu kiasi, lakini mstari wa kiangazi ulikuwa bado unaonekana kwenye mawe ya ukuta, weusi ukiishia na wekundu ukianza. Tukapima mpaka kwenye mstari ule. Mita 8 na nusu.

Nikamweleza yote, pale pale, kwa Kiswahili, na pale nilipokwama kwa Kisukuma. Hewa, uzito, mita tisa. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa fupi. Kisha nikamwambia na lile lingine: sikuhama kozi, baba. Nilifukuzwa kwa kufeli. Na nilipokuambia ununue kubwa, nilikuwa nimeshasoma kwamba haitasaidia, ila sikujua kwamba nimesoma.

Baba alinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimejiandaa hata kwa huruma. Alichosema sikukitarajia.

"Kwa hiyo ile ndogo haikuwa mbovu."

"Haikuwa mbovu."

"Niliiuza kwa bei ya chuma chakavu." Akatazama kisima. "Na yule fundi nilimwita mwizi."

Kuhusu chuo hakusema neno, siku ile wala baadaye. Jioni alianza kuulizia watu wa sokoni yule fundi yuko wapi. Mmoja akasema alihamia Geita zamani. Mwingine akasema ameshafariki, huyo wa Geita ni mwingine. Baba aliandika namba tatu za simu kwenye kipande cha boksi, akanipa nizipige, kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari na kazi yangu ni kutafuta watu. Namba mbili hazikupatikana. Ya tatu aliipokea mwanamke aliyesema nimekosea. Bado natafuta.

Mdogo wangu, yule wa kamba, sasa ana duka karibu na stendi na mke wake anauza barafu za ubuyu. Nilipowasimulia habari za Mpemba usiku ule, shemeji alicheka akasema hakuna kitu kama hicho, halafu akaingia jikoni akachemsha maji. Tukajaza vikombe viwili vinavyofanana, kimoja cha moto, kimoja cha mtungi, tukaviweka kwenye friji la duka, rafu moja. Baba alivuta kigoda akakaa mbele ya friji kama anayesubiri taarifa ya habari. Kila mara mmoja wetu alitaka kufungua achungulie.

Baada ya saa moja hivi umeme ukakatika.

"Msifungue," mdogo wangu akasema gizani. "Baridi itatoka."

Kukawa kimya kidogo. Kisha nikamsikia baba akisogeza kigoda upande wangu.

"Mayu. Ni baridi inatoka, au ni joto linaingia?"